Mkeka wa amana: kisa cha duka la msimu na wasukaji wake

Mkeka ulitoka dukani Jumanne moja ya Julai, mwaka juzi, saa tisa mchana, zikiwa zimebaki siku chache tu kufika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi huko Makunduchi. Aliyeuuza ni kijana wetu wa dukani. Aliyeununua ni mgeni, mama mtu mzima, aliyekuwa anasafiri kurudi kwao alfajiri ya siku ya pili. Bei ilikuwa shilingi 90,000, ile ile tuliyokuwa tukiuzia mikeka mipya ya kitanda. Mimi nilikuwa mjini siku hiyo. Niliporudi nikafungua daftari, nikaona mauzo, nikamshukuru kijana kwa kazi nzuri. Magharibi ilikuwa inaingia ndipo nilipoinua macho ukutani nikaona misumari miwili mitupu.

Mkeka ule haukuwa wa kuuzwa. Wala haukuwa wetu.

Naandika kisa hiki kirefu kidogo kwa sababu watu kadhaa wanaofungua vijiduka vya aina yetu, Unguja, Pemba na hata upande wa Lamu na Kilwa, huniuliza namna ya kufanya kazi na wasukaji, washona kofia na wachonga nakshi wa vijijini. Kila mmoja anataka neno "ushirikishwaji wa jamii" liwemo kwenye maelezo ya duka lake. Sisi pia tulilitaka, na tulikuwa tumeliandika kwa rangi kwenye kibao cha mlangoni.

Duka ni chumba cha mbele cha nyumba ya mawe na chokaa, upande wa kusini mashariki wa Unguja, kwenye ukanda ule unaotoka Paje kuteremkia Jambiani hadi Makunduchi. Tuko watatu tunaoliendesha, na kijana mmoja wa kuajiriwa. Hufunguliwa katikati ya Juni, masika ikishamalizika, na hufungwa mwisho wa Februari. Machi hadi Mei wageni ni wachache, hoteli kadhaa hufunga, na mvua ikishika unyevu wenyewe huwa adui wa bidhaa. Ukindu ukilala kwenye chumba kisichopita upepo huota ukungu wa kijivu, na ukishaota hata uuanike juani vipi, doa linabaki. Tunauza vitu vya ukili: mikeka, misala ya kuswalia, makawa ya kufunikia chakula, vipepeo vya kujipepea, vitanga na mikoba. Tunazo pia kofia za viua chache zinazoshonwa kwa mkono, ambazo nyingine huvuka bahari na jamaa wanaokwenda Oman. Vinyago vya jumla vinavyokuja kwa katoni hatuviuzi. Tuliamua hivyo tangu siku ya kwanza na sijutii.

Wasukaji wakati ule walikuwa kumi na wanne, wote wanawake, wa mitaa mitatu iliyo karibu. Mmoja wao ndiye mwenye mkeka. Hapa nitamwita Bi Mkubwa, na kwa kweli ndivyo wote tunavyomwita.

Kwa msomaji ambaye hajapata kukaa na msukaji, inafaa nieleze kazi ilivyo, maana bila hilo kisa hakieleweki. Ukindu ni majani machanga ya mkindu. Hukatwa, huanikwa juani mpaka yageuke rangi ya maziwa, kisha yale ya rangi huchemshwa. Siku hizi wengi hutumia rangi za unga za dukani. Zamani nyeusi ilitoka kwenye mizizi ya mdaa, na njano ilitoka kwenye manjano yale yale ya jikoni. Majani yakikauka tena huchanwa vipande vyembamba viitwavyo chane, na chane ndizo husukwa kuwa ukili, utepe mrefu ambao msukaji huuviringisha kadiri unavyoongezeka. Ukili hupimwa kwa pima: unanyoosha mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mkeka wa kitanda hula kama pima 27. Mwisho kabisa huja shazia, ile sindano nene, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upatikane. Mtu akiutazama mkeka vizuri ataona kwamba nakshi yake inatokana na hesabu. Msukaji hana mchoro mbele yake. Anahesabu chane kichwani, na akikosea moja kosa litatembea naye pima nzima.

Mkeka wa Bi Mkubwa ulisukwa na marehemu mama yake mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, kwa ajili ya harusi yake yeye Bi Mkubwa. Rangi zilikuwa tatu: nyeupe ya ukindu wenyewe, nyeusi ya mdaa na njano ya manjano. Ukingo wake ulikuwa na nakshi nyingine tofauti kabisa na ya katikati, ndogo ndogo kama nyayo za ndege. Ulikuwa umelaliwa, umetandikwa wageni, umekunjwa na kukunjuliwa zaidi ya nusu karne, na ndani ya mikunjo njano ilikuwa bado inawaka.

Februari ya mwaka juzi, tulipokuwa tunafunga duka, niliwauliza wasukaji mbona kila mkeka unaokuja una nakshi zile zile tatu nne. Bi Mkubwa hakunijibu. Kesho yake alikuja na mkeka umefungwa ndani ya kanga. Akasema: "Huu si wa kuuza, mwanangu. Huu ni wa kutazamwa. Watundikieni wenzangu wauone, wadogo wajifunze." Nikapokea. Mwenzangu mmoja alikuwepo, akasikia. Kijana wetu hakuwepo, maana tulimwajiri Juni.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari sisi tulikuwa nalo. Tena mkeka umeandikwa, kwa mwandiko wangu: "Mkeka 1, Bi Mkubwa." Umekaa kwenye safu moja na mikeka mingine yote, juu yake mkeka wa kuuza, chini yake mkeka wa kuuza. Ukutani ulitundikwa kati ya mikeka miwili mipya. Haukuwa na alama yoyote. Kijana aliulizwa bei na mteja, akatazama daftari, akakuta mkeka wa Bi Mkubwa, akataja bei ya mkeka wa kitanda. Alifanya sawasawa na tulivyomfundisha. Siku ile ile nilimwambia kwamba kosa si lake, na nalirudia hapa kwa sababu mtaani jina lake lilitajwa sana wiki ile, na haikuwa haki.

Tulijaribu kuufuata. Tulipiga simu kwenye nyumba ya wageni alikofikia yule mama, tukaambiwa ameshaondoka kwenda uwanja wa ndege. Alikuwa amelipa taslimu. Ujumbe tuliouacha haukupata jibu hadi leo.

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Mkubwa na bahasha. Nilipiga hodi, nikamwamkia, akanikaribisha uani, akanimiminia chai. Nikamweleza lilivyotokea. Alikaa kimya muda mrefu, mkono wake unachezea ukili uliokuwa pajani. Kisha akaniuliza, "Aliyenunua ni kijana au mtu mzima?"

Nikamwambia mtu mzima, mwanamke.

"Basi ataulalia," akasema.

Nikasogeza bahasha. Ndani mlikuwa na 90,000 kamili, bila kukata sehemu ya duka. Akaisogeza kwangu kwa ncha ya kidole, bila hasira. "Hiyo bei ya mkeka gani?"

Sikuwa na jibu. Nimelifikiria swali hilo kuliko jambo lolote jingine katika biashara hii.

Hakuna ugomvi uliofuata. Ilikuwa wiki ya Mwaka Kogwa, wageni wanajaa Makunduchi kuangalia wanaume wakipigana kwa magogo ya migomba na kibanda cha makuti kikichomwa moto, na kwetu sisi zile ndizo siku za mauzo makubwa kuliko zote za Julai. Tulitegemea mikoba, vipepeo na misala. Hakikuja kitu. Jumatano hakuna, Alhamisi hakuna. Ukikutana nao njiani wanakuamkia vizuri, wanaulizia watoto, wanakwenda zao. Wanawake kumi na wanne hawakuleta hata kipepeo kimoja.

Mwanzoni nilijiambia ni mwani. Nusu ya hilo ilikuwa kweli, na hiyo nusu ilinifundisha jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu misimu mitatu. Kilimo cha mwani kilianza pwani hii mwaka 1989, na tangu hapo wanaokifanya wengi ni wanawake. Mwani hushughulikiwa bahari ikikauka sana, yaani siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo kina mama wako majini kwenye mashamba yao tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, na jioni hana mtu nguvu za kuhesabu chane. Ukili husukwa maji yakiwa mafu, yaani siku bahari isipokauka sana. Usiku ule nilichukua daftari la misimu mitatu, nikatazama kila mahali nilipoandika "amechelewa", nikalinganisha na kalenda ya maji. Karibu kila "amechelewa" iliangukia bamvua. Tulikuwa tunawapangia siku za kuleta mzigo kwa kufuata siku za magari ya wageni, halafu tunawahesabia makosa kwa kufuata mwezi, kalenda ambayo wao waliijua tangu utotoni na sisi hatukuwahi kuifungua.

Hata hivyo bamvua ikapita, maji yakafa, na bado hawakuja.

Mwenzangu mmoja alitaka twende kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu. Tulikataa, na nadhani tulikataa vizuri. Ukimpelekea sheha jambo kama hili umeshalifanya kesi, na kesi lazima iwe na mshindi. Tukamwomba Bi Mkubwa ruhusa ya kuja kuzungumza na wote uani kwake, mwisho wa Julai, baada ya alasiri. Waliokuja ni tisa.

Kikao kilichukua mpaka karibu na isha. Mengi yaliyosemwa yalihusu mkeka ule kidogo tu. Ulikuwa umefungua mlango.

Jambo la kwanza lililotoka lilikuwa bei, na lilitoka kwa mdogo kuliko wote. Aliuliza: nani aliamua kwamba mkeka wa nakshi ni elfu tisini? Tukajibu kwamba tulitazama bei za maduka mengine. Akasema, basi tuhesabu. Pima 27. Pima moja ya ukili wa nakshi, kwa mwenye mkono mwepesi, ni jioni mbili. Jioni 54, kabla shazia haijashikwa. Duka linachukua asilimia 30, ambayo ni 27,000. Zinabaki 63,000. Toa ukindu na rangi, kama 9,000. Zinabaki 54,000. Akanyamaza, akatuacha tuimalize hesabu wenyewe: shilingi 1,000 kwa jioni moja, na siku za kushona ni bure.

Nilijua kila tarakimu katika hesabu hiyo. Nilikuwa sijawahi kuzipanga kwa mstari huo.

Jambo la pili liliniuma zaidi kwa kuwa tulilifanya kwa nia njema. Kwenye kila mkeka tulikuwa tumefunga kikaratasi chenye jina la nakshi na maana yake, ili mgeni ajue historia. Majina hayo tuliyasikia kwa mmoja wao, nusu nusu, tukayajaza wenyewe. Sasa wakatwambia kwamba baadhi ni maneno ambayo somo, yaani kungwi, humfundisha mwari anapokaribia kuolewa, na mahali pake ni chumbani. Kuyakuta yananing'inia dukani, wanaume na watoto wanayasoma, lilikuwa jambo la aibu kwao, na walikuwa wamelivumilia misimu miwili bila kusema. Kwa sababu hiyo katika maandishi haya sitaji jina la nakshi ya mkeka wa Bi Mkubwa, ingawa nalijua. Waliniomba.

Sanaa ya kale tunapoichukua kama kitu cha kuonyesha, tunadhani kila ilichonacho ni habari, na habari ni ya kila mtu. Kwa wenye sanaa kuna la kuuzwa, kuna la kutazamwa, kuna la kusemwa kwa mtu mmoja tu sikioni. Duka linalotaka kushirikisha jamii linapaswa kuuliza kila kitu kiko kwenye fungu lipi kabla ya kukipiga msumari. Na neno la jambo hili tunalo siku zote katika Kiswahili: amana. Bi Mkubwa alitupa amana. Sisi tulikuwa na daftari la mali tu, tukaiandika humo.

Jambo la tatu lilikuwa mali kauli. Tulichukua vitu vyao bila kulipa, tukauza, tukalipa baadaye. Tuliona huo ni utaratibu wa kawaida wa biashara ndogo, na ni kweli ni wa kawaida. Lakini mkoba ukikaa miezi minne bila mnunuzi, ni msukaji aliyelipia miezi hiyo minne. Mvua ikiuharibu, hasara ni yake. Hilo nalo hatukuwa tumelitazama kutoka upande wa uani.

Walipomaliza, nikamgeukia Bi Mkubwa, nikamuuliza yeye anataka nini. Nilidhani atataja fedha. Akasema, "Mkeka umekwenda. Nataka usukwe tena kabla macho yangu hayajafumba. Na hao watakaojifunza, nyinyi muwalipe jioni zao."

Hapa ndipo kisa kinapougusa msimu wenyewe, na kwa maoni yangu ndipo penye faida kwa mwenye duka lolote linalofungwa sehemu ya mwaka. Sisi tulikuwa tukihesabu kwamba Machi hadi Mei hakuna kazi. Tunafunga mlango, tunarudisha kilichobaki, tunaonana Juni. Fedha yote ya duka ilizunguka miezi ya wageni. Kumbe miezi ile ya mvua, watu wakiwa ndani, ndiyo miezi mikubwa ya kusuka, na ndiyo miezi ambayo duka halikuwa likitoa hata senti. Tukakubaliana: masika ifuatayo watakaa sita, wanawake wanne na wasichana wawili, kwa Bi Mkubwa, na kila mmoja atalipwa shilingi 2,000 kwa jioni. Kiwango hicho walikiweka wao. Jioni zikawa 30, jumla 360,000. Zile 90,000 za mkeka ziliingia humo zote, na zilizobaki zilitoka kwenye akiba tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kabati la kioo. Kabati hatuna mpaka sasa.

Nilisema tutaanza Machi. Bi Mkubwa akanitazama. "Machi utasuka nini? Ukindu hukatwa kaskazi, jua likiwa kali. Ukikata kwenye mvua utaanika ukungu." Basi Januari na Februari mwaka jana, wakati duka limejaa wageni, wasichana wawili walikuwa wanakata na kuanika, na mzee mmoja wa jirani akachimba mizizi ya mdaa. Kuna mambo ambayo mipango yetu ya mezani ingeyaharibu kabisa kama hakuna aliyetukatiza.

Picha ya mkeka tuliyokuwa nayo ni moja, ya simu, ilipigwa siku tulipofungua duka mwaka juzi. Inaonyesha kama theluthi mbili ya mkeka, na kichwa cha mtoto kimeziba kona nzima ya chini. Bi Mkubwa hakuihitaji sana, maana haoni vitu vidogo vizuri. Alifumba macho, akashika chane, akaanza kutaja: mbili juu, moja chini, ruka, rudi. Jioni ya kwanza ilikuwa ya kukosea tu. Anasuka shubiri moja, anaipapasa kwa kidole gumba, anasema siyo, anafumua. Jioni ya nne, mvua inapiga bati hata hatusikilizani, alipapasa, akatulia, akapitisha kidole tena kutoka mwanzo. Akamkabidhi msichana aliyekaa karibu naye bila kusema neno. Yule msichana ndiye aliyemaliza pima tisa peke yake.

Nyeusi ya mdaa ilitoka vizuri. Njano ilitusumbua, na humo tukagundua kosa jingine la kwetu. Manjano hayastahimili mwanga wa jua. Mkeka wa mama yake, kila usipotandikwa, ulikaa umekunjwa gizani na ukabaki na rangi zaidi ya nusu karne, na sisi katika wiki chache tulikuwa tumeutundika mkabala na mlango. Hata kama usingeuzwa, tulikuwa tunauharibu kila asubuhi tulipofungua.

Ukingo haukupatikana. Katika picha ndiyo kona iliyozibwa, na kwingine umefifia. Bi Mkubwa aliukumbuka kwa namna moja, bibi mwingine wa mtaa wa pili ambaye alipata kuuona harusini akaukumbuka kwa namna nyingine, na walibishana wiki tatu, mara wakicheka, mara hawasemi. Mwishowe walikubaliana ukingo uachwe mweupe. Nilipendekeza tuchague moja ya zile mbili ili mkeka upendeze. Walikataa wote wawili kwa pamoja. Mkeka usiseme uongo, walisema.

Ulimalizika katikati ya Juni mwaka jana. Uko dukani, ukuta wa ndani, mbali na mlango, na kwenye kona yake kuna fundo la kitambaa cheusi. Kila kitu chenye fundo jeusi hakiuzwi, na hakina kikaratasi. Daftari sasa ni mawili, na moja limeandikwa Amana. Kijana wetu ndiye anayelitunza. Aliomba mwenyewe.

Bei ya mkeka wa nakshi ilipanda hadi 150,000, na sehemu ya duka ikashuka kuwa asilimia 20. Naziweka hesabu wazi kwa sababu kila anayeniuliza hufikia hapa. Msimu wa tukio tuliuza mikeka ya nakshi 11, wasukaji wakapata 693,000 na sisi 297,000. Msimu uliokwisha Februari mwaka huu tuliuza 6 tu. Wasukaji wamepata 720,000, na duka 180,000. Wao wamepata zaidi kidogo kwa kusuka mikeka mitano pungufu. Sisi tumepungukiwa 117,000, na pengo hilo halijazibwa. Naona ni haki, lakini sitamwambia mtu kwamba halina maumivu. Pia mikeka sita haitoshi kwa wasukaji wote, na ikabidi ipangwe zamu, na zamu huleta manung'uniko.

Vitu vikubwa sasa tunalipa nusu siku vinapoletwa, nusu vikiuzwa. Wanawake wawili hawakurudi. Wanamuuzia mchuuzi anayekuja kutoka mjini, kwa bei ya chini kuliko yetu, lakini anaweka fedha yote mkononi papo hapo. Mmoja aliniambia nusu ya leo hailipi ada nzima ya mtoto ya leo. Hana kosa. Siku tukiweza kulipa yote, nitakwenda kumpigia hodi.

Siku za mzigo zinafuata maji. Kalenda ya bamvua imebandikwa nyuma ya mlango, na neno "amechelewa" halijaandikwa tena.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka pale Forodhani, ikaua watu, na kila Mzanzibari anakumbuka alikuwa wapi alipopata habari. Nakshi ya mkeka ikipotea haina kishindo. Nyumba nyingi sasa hutandika mikeka ya plastiki, wa ukili ukatolewa siku ya harusi au siku ya msiba, na siku hizo hakuna anayekaa kuhesabu chane. Ndiyo maana zile jioni 30 za mvua nazithamini kuliko msimu mzima wa mauzo. Wasichana wale wawili wanaijua nakshi sasa kwa vidole. Mmoja ameshaanza kumwonyesha mdogo wake, na hilo hatukulilipia.

Masika imeshika tena, duka limefungwa. Bi Mkubwa hajaukatia tamaa ukingo. Kila baada ya wiki mbili tatu husuka kipande kifupi cha ukili, shubiri moja au mbili, kama anavyodhani mama yake alisuka, akampa mjukuu aniletee. Mimi hukitazama pamoja na ile picha, humpelekea jibu, na yeye huanza upya. Juzi mtoto amekuja na cha tisa, amekifunika kwa mfuko wa plastiki kisilowe. Nimekitundika msumari ule ule, juu ya vile vinane.